Kampuni ya detekta ikifa, nani anarithi nini?

Mjomba wangu yuko Chunya, na ana detekta, yaani mashine ya kutafutia dhahabu, ambayo kampuni iliyoitengeneza haipo tena. Hilo hakulijua mpaka siku jembe la mwenzake lilipoukata waya unaotoka kwenye koili, ile sahani ya chini inayopitishwa juu ya udongo. Akanipigia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Wewe si uko mjini? Nitafutie koili. Nimekutumia picha, jina la mashine linaonekana pale juu."

Nikatafuta. Jina nikalikuta bila shida, limekaa kwenye mashine mpya zinazong'aa. Koili ya mashine ya mjomba sikuiona popote. Nikamwandikia muuzaji mmoja wa nje, akanijibu kwa mstari mmoja: hizo za zamani zilitengenezwa na kampuni nyingine. Nilipomweleza mjomba akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Sasa kama kampuni imekufa, hilo jina wanalitumia kina nani?"

Swali ni zuri kuliko linavyosikika. Kwetu mtu akifa kuna utaratibu. Yanatolewa ya mazishi, yanalipwa madeni, unatekelezwa wasia, ndipo warithi wagawane kilichobaki. Hakuna mrithi anayeruhusiwa kubeba shamba na kumwacha mdai mlangoni. Kampuni ikifungwa, mambo huenda vingine. Mnunuzi huingia ndani ya nyumba ya marehemu, akachagua anachokitaka, akalipa bei yake na kuondoka. Madeni na ahadi hubaki kwa marehemu, na marehemu hana mfuko.

Chukua kisa cha White's Electronics, maana ndicho kinachoonyesha jambo hili vizuri zaidi. White's ilianzishwa mwaka 1950 na Kenneth White katika mji mdogo wa Sweet Home, jimbo la Oregon, Marekani. Haikuanza na dhahabu. Wakati ule Wamarekani walikuwa na homa ya urani, kila mwenye gari na sepetu alitaka kuwa tajiri wa nyuklia, na White alikuwa akiwatengenezea vipima mionzi. Homa ilipopoa akageukia mashine za kutambua metali. Kwa watafutaji wa sarafu na dhahabu, jina hilo likawa kama Singer kwa mafundi cherehani. Mwaka 2020, baada ya miaka 70, kiwanda kikafungwa.

Korona ilikuja mwaka huohuo, ila mimi siitupii lawama zote. Miaka miwili nyuma Waaustralia wa Minelab walikuwa wameleta Equinox, mashine inayotuma masafa kadhaa ya mawimbi kwa pamoja, inayoingia majini, na kwa bei ya mashine ya kati. Waturuki wa Nokta nao wakashuka chini zaidi kwa bei. White's walikuwa na mashine ya masafa matatu kwa pamoja tangu zamani, V3i, lakini ilikuwa ghali na menyu zake zilihitaji mtu mwenye subira ya mvuvi. Kuwa na kitu mapema hakumzuii mwenzako kukupita.

Aliyekuja kununua ni Garrett, wa Garland, Texas. Hata kama hujawahi kushika jembe huenda Garrett unamjua: vile vijiti vyeusi ambavyo askari wa mlangoni Nairobi au Dar hukupitishia kiunoni na miguuni kabla hujaingia benki au jengo la maduka, vingi vina jina hilo, la kweli au la kuigiza. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1964 na Charles Garrett na mkewe Eleanor, na kwa miongo mingi ilikuwa mpinzani wa White's. Kwa hiyo aliyerithi ni jirani wa siku nyingi aliyekuwa akigombana na marehemu juu ya mpaka wa shamba.

Alichonunua Garrett ni haki za ubunifu pamoja na baadhi ya vitu vya kazi vya kiwanda. Kampuni yenyewe hakuinunua, na hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Ukinunua kampuni nzima, umenunua na kesi zake, na waranti zake, na kodi inazodaiwa. Ukinunua mali zake tu, unapata michoro, hataza zinazolinda ubunifu, kalibu za plastiki, programu na majina, bila kuwa na wajibu kwa mtu aliyenunua mashine mwaka juzi. Yeye risiti yake ilitolewa na marehemu. Akiwahi kwa mfilisi, anapanga foleni na wadai wengine, nyuma ya benki na wenye dhamana, na foleni hiyo mara nyingi huishia kwa wale wa mbele.

Baada ya ununuzi, katika orodha yote ndefu ya White's ni mashine moja iliyotokea haraka ikiwa hai: Goldmaster 24k. White's waliitoa mwaka 2018. Inafanya kazi kwa kilohezi 48, masafa ya juu yanayofaa kutafuta punje ndogo za dhahabu. Mwaka 2021 ikarudi sokoni ikiitwa Garrett Goldmaster 24k. Jina la mashine limebaki, jina la ukoo limebadilishwa. Mtoto ameolewa kwa jirani.

Mbona mmoja tu? Nadhani jibu ni la kibiashara kabisa. Garrett tayari alikuwa na mashine zake za sarafu, nyingi na zinazouzika. Kufufua mashine za sarafu za White's kungekuwa kujishindanisha mwenyewe. Mashine ya dhahabu ya masafa ya juu ilijaza pengo kwenye rafu yake. Mrithi huchukua ng'ombe ambaye zizini kwake hayupo.

Fisher, kampuni nyingine ya mashine hizi, walipata mirathi ya namna nyingine. Hao ni wa zamani kuliko wote. Gerhard Fischer alikuwa mhandisi Mjerumani aliyehamia Marekani na kufanya kazi kwenye vifaa vya redio vya kuelekezea ndege. Vifaa hivyo vilikuwa vikikosea uelekeo pale ambapo kati ya redio na mpokeaji kulikuwa na metali au ardhi yenye madini. Wengine waliona ni hitilafu ya kurekebishwa. Yeye aliona kuwa hitilafu hiyo ndiyo bidhaa. Akafungua kampuni mwaka 1931 huko California, na mwaka 1937 akapata hataza ya kifaa alichokiita Metalloscope. Mwaka 2006 Fisher ilinunuliwa na First Texas Products, na kazi ikahamishiwa El Paso. Humo mirathi ilifuata damu zaidi: Gold Bug 2, mashine ya dhahabu ya kilohezi 71 iliyotoka miaka ya tisini, iliendelea kutengenezwa miaka mingi baada ya kampuni kubadili mikono. Mwenye Gold Bug 2 ya zamani angeweza kununua koili mpya ikaingia.

Na First Texas huyohuyo alikuwa na jina jingine mkononi, Teknetics. Teknetics ya kwanza ilikuwa kampuni ya Oregon ya miaka ya themanini, ikavuma, ikafa. Miaka mingi baadaye jina likaibuka juu ya mashine mpya kabisa, T2, ambayo na ile ya zamani hawajuani hata kwa skrubu. Huo si urithi wa mali. Ni kama mtoto aliyepewa jina la babu ambaye hakumkuta.

Ukitaka kujua ujuzi wa kampuni huenda wapi, usifuate nembo, fuata wahandisi. Dave Johnson alisanifu Gold Bug akiwa na Fisher. Baadaye akawasanifia Tesoro mashine ya dhahabu inayoitwa Lobo SuperTRAQ, akawasanifia White's MXT na GMT, kisha akawa First Texas akishiriki kutengeneza T2 na Fisher F75. Majina manne yaliyokuwa yakishindana kwenye matangazo, na wapenzi wake wakibishana kama Simba na Yanga, na mkono ndani ya baadhi ya mashine hizo ulikuwa wa mtu mmoja. Ujuzi una miguu. Nembo hukaa pale inapobandikwa.

Kisha kuna Tesoro, ambao mimi huwahurumia kuliko wote. Kampuni ya Jack Gifford, Arizona, tangu 1980. Walikuwa maarufu kwa mambo mawili: mashine nyepesi zisizo na kioo wala menyu, na waranti ya maisha kwa mnunuzi wa kwanza. Maisha! Ukinunua leo, ikiharibika baada ya miaka ishirini, unairudisha wanakutengenezea. Na walifanya hivyo kweli, ndiyo maana watu waliwapenda. Mwaka 2018 wakafunga. Hapo ndipo wateja walipojua kuwa neno "maisha" kwenye ile karatasi lilihusu maisha ya kampuni, si ya mteja wala ya mashine. Mashine zenyewe bado zinafanya kazi.

Fungua boksi la Tesoro Compadre uone kwa nini. Kitufe cha kuzungusha ni kimoja tu: ukizungusha kidogo inawaka, ukiendelea inaanza kukataa misumari, halafu foili, halafu vizibo. Betri ni moja ya volti 9, ile ya mraba. Ndani kuna ubao wa saketi wenye rezista, kapasita na chipu za kawaida. Fundi redio wa Kariakoo aliyezoea kutengeneza amplifaya anaweza kukaa nayo mchana mzima na akaielewa. Tatizo la Compadre ni kwamba waya wa koili umeunganishwa moja kwa moja ndani, hauna plagi, kwa hiyo koili ikifa unalehemu. Lakini unalehemu, huna wa kumwomba ruhusa.

Linganisha na mashine ya kisasa. Humo kazi kubwa hufanywa na programu iliyo ndani ya chipu moja, na chipu hiyo kwa kawaida imefungwa isisomeke. Chipu ikiungua unaweza kununua nyingine tupu kama hiyo, ila programu iliyokuwamo ndani hununui popote. Aliye nayo ni mrithi wa michoro, na yeye huenda ameiweka kabatini kwa sababu mashine hiyo hana mpango wa kuitengeneza tena. Ndiyo ajabu ya jambo hili: mashine ya zamani zaidi, iliyokufa bila mrithi, inatengenezeka. Mpya, yenye mrithi tajiri, inaweza kuwa ndiyo isiyotengenezeka.

Sasa niseme juu ya koili, maana ndiyo iliyoanzisha haya, na ndiyo huisha kwanza kampuni ikifungwa.

Koili ya aina ya kawaida ina nyaya mbili, kila mmoja umezungushwa duara lake. Mmoja hutuma, mwingine husikiliza. Unaotuma hueneza uga wa sumaku ardhini. Uga huo ukigusa metali, ndani ya ile metali huzuka mikondo midogo ya umeme, nayo hutoa uga wake, na waya unaosikiliza huunasa. Sasa fikiria: nyaya hizo ziko pamoja kwenye sahani moja, na unaotuma unapiga kelele kupita kiasi. Msikilizaji atasikiaje mnong'ono wa punje ya dhahabu? Hivyo huwekwa kwa kupishana mahali ambapo kelele zinajifuta zenyewe, na msikilizaji anabaki karibu katika ukimya. Mahali hapo ni pa kupima kwa nywele. Ukisogeza waya kidogo sana ukimya unavunjika. Wakishapapata, wanamimina gundi ngumu juu yake, vyote vinakauka kama jiwe. Kwa hiyo fundi akikwambia atafungua koili akaunge waya ndani, muulize kwanza atairudishaje pale ilipokuwa. Waya uliokatika nje, kama wa mjomba, una nafuu, lakini nao una tabaka la kuzuia kelele za nje, na ukiungwa vibaya mashine inalia hovyo hata ikiwa imening'inizwa hewani.

Zaidi ya hapo, koili hulinganishwa na masafa ya mashine yake. Ya kilohezi 14 ukiipachika kwenye mashine ya kilohezi 48 haitakuwa na maana, hata plagi ikikubali. Ndiyo maana nembo ileile kwenye mashine mpya haikumsaidia mjomba lolote.

Kwa bahati, koili ni kitu ambacho wengine walijifunza kutengeneza. NEL wa Ukraine na Detech wa Bulgaria wamejenga biashara kwa kutengeneza koili za mashine za watu wengine, na kampuni inapofungwa hao huwa tegemeo. Lakini mlango huo nao unafungwa polepole. Minelab, kwenye GPZ 7000, waliweka chipu ndani ya koili ili mashine ikatae koili isiyo yao. Leo inaonekana ni ulinzi dhidi ya feki. Siku kampuni ikifungwa, chipu hiyo itakuwa kufuli ambalo mwenye ufunguo amezikwa nao.

Feki ni suala zito lenye Afrika ndani yake. Mwaka 2015 ilielezwa hadharani jinsi kompyuta ya mfanyakazi wa Codan, kampuni inayomiliki Minelab, ilivyoingiliwa akiwa safarini China akitumia intaneti ya hoteli, na michoro ya mashine za dhahabu ikaibwa. Mashine za kuigiza zikaanza kuuzwa Afrika kwa bei ya chini. Codan ikalazimika kupunguza bei zake, na faida ya mwaka ikashuka kutoka takriban dola milioni 45 za Australia hadi kama milioni 9. Bei ya dhahabu nayo ilikuwa imeanguka kipindi hicho, kwa hiyo si wezi peke yao. Ila walau Codan alikuwa hai, ana wanasheria, akawafuata watu hadi China. Sasa jiulize ni nani atamfuata mtu anayebandika nembo ya kampuni iliyokufa kwenye boksi tupu. Kama jina lina mnunuzi, mnunuzi anaweza. Kama halina, mwenye hasara ni mchimbaji anayesikia mlio mtamu juu ya udongo wenye chuma akachimba mpaka magotini.

Sheria ya majina nayo ina vituko vyake. Hataza, yaani haki ya ubunifu wenyewe, kwa kawaida huishi miaka 20 tangu kuombwa, kisha ubunifu unakuwa wa wote. Jina la biashara halina ukomo huo: ukilisajili na kulihuisha, laweza kuishi milele. Kenya usajili huhuishwa kila miaka 10; Tanzania Bara wa kwanza ni miaka 7, kisha 10. Kwa hiyo kilichokuwa na akili ndani yake kinakufa kwanza, na kilichokuwa maandishi tu kinabaki. Sharti ni moja, jina litumike. Marekani, jina lisipotumika miaka mitatu mfululizo huchukuliwa kuwa limetelekezwa mpaka mwenyewe athibitishe vingine. Ndiyo maana wakati mwingine unaona jina kubwa la zamani limebandikwa kwenye kitu hafifu: mwenyewe analilisha jina uji lisife, huku akifikiria la kufanya. Na usajili ni wa nchi kwa nchi. Jina lililosajiliwa Marekani halijilindi lenyewe Dodoma.

Watu hunipa mfano wa Nokia, kwamba mbona simu zake zilirudi vizuri tu. Nokia haikufa. Kampuni ipo Finland, inauza mitambo ya mitandao, na mwaka 2016 ilikodisha jina kwa kampuni nyingine, HMD, watengeneze simu. Mwenye jina alikuwa hai na angeweza kulidai. Kukodishiwa nyumba na mwenye nyumba si sawa na kuinunua msibani.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama anunue mashine iliyotumika ya kampuni iliyofungwa, simkatazi. Namuuliza inatumia betri gani, maana za AA na za volti 9 zipo kila duka, lakini ya kifurushi maalumu ikichoka imechoka na mashine. Namuuliza kama koili inachomoka, na kama amewahi kuona nyingine ya kwake ikiuzwa. Namwambia akipata koili ya akiba aichukue leo, kwa sababu bei ya spea za marehemu haijawahi kushuka. Waranti simuulizi.

Mjomba mwenyewe hatimaye amepata njia isiyo na sheria wala wahandisi ndani yake. Kuna mtu Makongolosi ana mashine kama yake, imeungua ubao wa saketi lakini koili yake haijaharibika. Mjomba anataka koili peke yake. Yule bwana anasema hauzi vipande, achukue mashine yote pamoja na begi, na begi nalo analihesabia bei. Wiki ya tatu hii hawajaelewana.